Usingizi wa Mkimbiaji, Usingizi wa Mgonjwa

Saa nne asubuhi, kambi za wakimbiaji za Kaptagat na Iten huwa kimya. Vijana waliotoka mbio alfajiri wameshakunywa chai na kufua nguo zao, na sasa wamelala. Hakuna anayewaamsha, wala anayewauliza kama wanaumwa. Eliud Kipchoge, aliyemaliza kilomita 42 mjini Vienna kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40 tarehe 12 Oktoba 2019, amewahi kueleza hadharani kwamba hulala pia mchana. Watu wa kaunti ya Uasin Gishu hawakushangaa. Huku kwetu hata mtoto wa shule anajua kwamba mkimbiaji asiyepumzika hafiki mbali.

Ukitoka Eldoret kuelekea kaskazini hadi Ziwa, katika eneo bunge la Soy, unapita katikati ya mahindi, ngano na ng'ombe wa maziwa. Hapa pia watu huamka kabla ya jua. Lakini mwanamke wa Ziwa mwenye lupasi, au mwenye ile baridi yabisi inayotokana na kinga ya mwili, akijilaza saa nne ileile, jirani akipita atauliza kulikoni, na mama mkwe atanyamaza kwa namna ambayo kila mtu nyumbani anaielewa. Ajizi nyumba ya njaa, watu husema, na kuhusu ajizi wanasema kweli. Wanachokosea ni mtu wanayemsemea.

Saa ni ileile, na baridi ya nyanda za juu ni ileile. Mmoja ana ruhusa ya kulala, mwingine hana. Ndiyo maana nimezitazama upya mila za kupumzika zinazotuzunguka, za pwani na za bara, za msikitini, kanisani, kambini na hospitalini. Nataka kujua ruhusa hiyo hutolewaje, na ni nani hushika kazi wakati aliyeruhusiwa amelala.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, huanza kuushambulia mwili wenyewe. Katika baridi yabisi ya aina hii hushambulia utando laini ulio ndani ya viungo vya vidole, viganja, magoti na miguu. Katika lupasi huweza kugusa ngozi, viungo, figo, damu, hata moyo. Wengi wa wanaougua ni wanawake, na lupasi hasa huwapata wakiwa katika umri wa kuzaa. Ukiwauliza kinachowasumbua zaidi, wengi hawaanzi na maumivu. Huanza na uchovu. Si uchovu wa palizi, ambao ukila ukalala unaisha. Huu mtu hulala nao na kuamka nao.

Tena ugonjwa una saa zake. Usiku wa manane kuelekea alfajiri, kemikali za uvimbe kama intaliukini-6 hupanda katika damu ya mgonjwa wa baridi yabisi na kufika kilele karibu na wakati wa kuamka. Kotisoli, homoni ambayo mwili huitumia kutuliza uvimbe, nayo hupanda wakati huo, lakini haifui dafu. Ndipo viungo hukakamaa asubuhi, kwa saa nzima au zaidi. Usingizi hukatika saa nane, saa tisa, kwa maumivu, na usingizi uliokatika huongeza maumivu ya kesho yake.

Sasa lipeleke jambo hilo zizini. Dada yangu mkubwa, aliyeolewa upande wa Ziwa, hukamua kwa mkono. Alfajiri, saa kumi na moja, huchukua beseni la maji moto ya kuoshea kiwele, na kabla hajamgusa ng'ombe hutumbukiza mikono yake mwenyewe humo na kuiacha kwa muda. Kisha hujipaka mafuta ya kukamulia, hushika chuchu, hujaribu kufunga ngumi, na ngumi haifungi. Kidole gumba na cha shahada huanza kazi. Vile vitatu vingine hubaki vimesimama. Maziwa hutoka kwa uzi mwembamba, mengine yanateremka kwenye kifundo cha mkono hadi ndani ya sweta. Na ng'ombe hawezi kungoja. Homoni inayoteremsha maziwa hufanya kazi kwa dakika chache tu baada ya kiwele kuoshwa, kwa hiyo mkamuaji wa polepole huacha maziwa ndani, na maziwa yanayobaki kila siku huweza kuleta ugonjwa wa kiwele. Hivyo ndivyo vidole vya mwanamke vinavyogeuka kuwa hasara ya ng'ombe. Hasara ya ng'ombe inaonekana kwenye kipimo cha maziwa, ila maumivu ya vidole hayapimwi popote.

Mwenye lupasi ana saa nyingine mbaya. Miale ya jua huamsha ugonjwa wake, na jua la Uasin Gishu, karibu na ikweta na zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ni kali hata siku ambazo upepo unakudanganya kwamba kuna baridi. Yeye angeweza kulima alfajiri na kukaa ndani adhuhuri. Wa baridi yabisi angeweza kukamua saa nne na kulima alasiri. Shamba halimsikilizi hata mmoja. Maziwa huchukuliwa mapema, palizi ya Mei haingoji, na mahindi yakikauka mwezi wa Novemba huvunwa juani.

Pwani wangemwelewa mapema huyu wa lupasi. Lamu, Mombasa Mji wa Kale, Unguja Mjini, hata ng'ambo kule Muscat, baada ya sala ya adhuhuri maduka mengi yalikuwa yakifungwa, na mengine yanafungwa hadi leo. Watu hula, hulala kailula, na biashara huendelea alasiri. Bila shaka joto ndilo lililoanzisha, lakini dini iliipa desturi hiyo heshima, na wanavyuoni wengi huihesabu kuwa sunna. Mimi hukaa zaidi kwenye aya ya 58 ya Sura ya An-Nur. Aya hiyo inataja nyakati tatu ambazo hata watoto wadogo na watumishi wa nyumbani sharti waombe ruhusa kabla ya kuingia: kabla ya sala ya alfajiri, adhuhuri watu wanapopunguza nguo, na baada ya isha. Adhuhuri imo. Mapumziko ya mchana yamewekewa mlango, na anayeomba ruhusa ni mwenye kuingia, si mwenye kulala.

Hilo la mlango nimelifikiria sana, kwa sababu nyumba nyingi za Ziwa huwa wazi mchana kutwa, na uwazi huo ni wema wetu. Jirani huingia, hukaa, hupewa chai ya maziwa au mursik, maziwa yetu ya mgando. Mgonjwa aliyejilaza huamka amkaribishe. Huamka kwa huyu, huamka kwa yule, na jioni wote wataapa kwamba walimkuta macho, tena anacheka. Hakuna aliyemnyima usingizi kwa kusudi. Ni kwamba saa yake ya kulala haimo katika desturi yoyote wanayoijua.

Pwani ina ruhusa nyingine iliyo kamili kuliko kailula, nayo ni arobaini ya mzazi. Aliyejifungua hukaa ndani siku 40. Mama yake au shangazi huhamia kwake, humkanda kwa maji moto, humpikia uji wenye pilipili manga, na humpokea mtoto usiku ili mzazi alale. Hapo kila kitu kimepangwa. Muda unajulikana, chumba kinajulikana, na mikono ya kushika kazi inajulikana. Wapo wanaosema mgonjwa wa muda mrefu naye atunzwe vivyo hivyo, na kwa kweli siku za mwanzo hutunzwa hivyo, hata Ziwa. Habari za ugonjwa zikienea, dada huja, mashemeji huja, vibuyu vya mursik huletwa, kuni hupasuliwa bila kuombwa. Kisha wiki zinapita, wageni wanapungua, na ugonjwa upo palepale. Ruhusa yenye tarehe ya mwisho haimfai mtu ambaye ugonjwa wake hauna tarehe.

Turudi kambini, kwa maana kambi ndiyo mila ya kupumzika iliyo karibu zaidi na Ziwa, ingawa bado ni changa. Bruda Colm O'Connell kutoka Ireland alifika Shule ya St. Patrick's, Iten, mwaka 1976, na kambi nyingi za leo zilianza miaka mingi baada ya hapo. Lakini mila hii tayari ina kanuni zake kama mila nyingine yoyote. Ya kwanza ni kuondoka nyumbani. Kipchoge ana familia Eldoret, lakini kwa miaka mingi alilala Kaptagat siku za juma na kurudi nyumbani mwisho wa juma. Mwendo si mrefu. Si umbali unaomlaza huko. Ni kwamba nyumbani kuna kazi, wageni, simu, harambee, mtoto anayeomba ada. Kambini kazi hugawanywa kwa zamu, chakula kikuu kina mpishi, na shamba liko mikononi mwa mtu mwingine. Nyuma ya kila mkimbiaji aliyelala saa nne kuna mtu aliye macho akimfanyia kazi, na mara nyingi mtu huyo ni mwanamke, mke au mama, aliyebaki na ng'ombe.

Silaumu. Medali zimejenga shule na kununua mashamba, na usingizi ule umezilipia. Ninachosema ni kwamba jamii yetu tayari inajua jinsi ya kumlaza mtu mzima mchana kweupe bila kumwonea haya. Maarifa hayo tunayo. Tumeyatumia kwa mwili unaotuletea ushindi tu, na mwili unaopigana na wenyewe usiku kucha, bila kushangiliwa na mtu, tumeuacha nje.

Kanuni ya pili ya kambi inawahusu wagonjwa moja kwa moja, ingawa haikuwekwa kwa ajili yao: usingizi wa mchana hukaa kati ya mbio mbili. Mkimbiaji hulala kwa sababu amekimbia na kwa sababu atakimbia tena. Hospitali ilichelewa kulijua hili. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, sehemu kubwa ya tiba ya baridi yabisi huko Ulaya na Marekani ilikuwa kitanda. Mgonjwa alilazwa wiki au miezi, viungo vikafungwa magango visitikisike, na misuli ikanyauka pamoja na maumivu. Septemba 1948, katika Kliniki ya Mayo, daktari Philip Hench alimdunga mwanamke mmoja aliyekuwa akitembea kwa taabu dawa mpya, iliyokuja kuitwa kotisoni, na baada ya siku chache mama huyo akatoka kwenda madukani. Hench na wenzake Edward Kendall na Tadeus Reichstein walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1950. Leo madaktari wanazijua hatari za dawa za jamii hiyo na huzipima kwa uangalifu. Kitanda nacho wamekiacha: siku hizi wanawahimiza wagonjwa kusogeza mwili. Mwaka 2023 EULAR, muungano wa Ulaya wa vyama vya magonjwa ya viungo, ulipotoa mapendekezo kuhusu uchovu wa magonjwa haya, mazoezi ya mwili yaliyopimwa kulingana na mtu yalikuwa miongoni mwa mambo ya kwanza. Kulala kutwa hakuondoi uchovu huu. Kutembea hadi kwa jirani, kisha kupumzika, kisha kufanya kazi nyepesi, kisha kupumzika tena, kunasaidia zaidi. Kocha wa Iten angelielewa hilo bila kuelezwa.

Jambo moja la dawa linastahili kutajwa hapa kwa sababu huiba usingizi wa watu bila wao kujua. Prednisoloni, ndugu wa kotisoni, ikimezwa jioni humwacha mgonjwa macho makavu hadi usiku wa manane. Kwa kawaida huagizwa kumezwa asubuhi baada ya kula. Mwenye kuimeza usiku kwa sababu ndipo anapokumbuka, au kwa sababu aligawanya vidonge mwenyewe, amwulize daktari wake kuhusu saa kabla ya kununua dawa za usingizi. Asiiache ghafla kwa hasira ya kukosa usingizi, maana kuikatiza ghafla ni hatari.

Daktari, popote alipo, humaliza kwa kusema: "Mama, pumzika vya kutosha." Ni ushauri wa kweli. Lakini tazama unavyotolewa. Bingwa wa magonjwa ya viungo ni nadra nchini, na wengi wako Nairobi. Kwa mtu wa Ziwa, kliniki ya mbali ni kuamka kabla ya jogoo, kusimama barabarani gizani akingoja matatu, kukaa kwenye foleni, na kurudi jioni. Usiku mmoja umeliwa ili apate kuambiwa alale. Na ushauri wenyewe haumwambii nani atakamua. Mila ya hospitali ina ujuzi mwingi kuliko zote nilizotaja, na katika hili la mikono ya kushika kazi ni maskini kuliko zote.

Kuna mila inayokwenda kinyume, nayo naiheshimu: kesha. Makanisa mengi ya Uasin Gishu hukesha kwa nyimbo na maombi hadi alfajiri, na mgonjwa ndiye huitwa mbele. Majirani zetu Waluhya hukesha matangani, na ukikosa kuonekana utaulizwa. Lakini mgonjwa hulilipia kesha. Mwaka 2012 Michael Irwin na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walichapisha utafiti wa wagonjwa 27 wa baridi yabisi na watu 27 wazima. Wote waliwekwa macho kuanzia saa tano usiku hadi saa tisa, kisha wakaachwa walale. Baada ya hapo wagonjwa walipata maumivu na uchovu zaidi kuliko wale wazima, na idadi ya viungo vilivyowauma ikaongezeka. Ni nusu tu ya usiku mmoja. Kesha la kanisani ni usiku mzima, mara nyingi kwenye benchi, kwenye baridi ya Julai.

Simwambii mtu aache kuomba. Najiuliza kwa nini mgonjwa aombewe saa nane usiku wakati angeweza kuombewa saa mbili, akafunikwa blanketi, akapelekwa kwake kwa gari la muumini mmoja, na kanisa likaendelea kumkeshea akiwa amelala. Hakuna andiko linalosema aliyeombewa sharti awe macho. Wachungaji wanaoweza kulitangaza hilo mimbarini wangewaokoa wengi wanaokuja kwa kuogopa kuitwa wenye imani haba.

Kuamka usiku kwenyewe, nje ya kesha, huwatia wagonjwa hofu kubwa, na hapa utafiti unaowahusu hata jirani zetu unasaidia. Mwaka 2015 Jerome Siegel na wenzake walipima usingizi wa Wahadzabe wa Tanzania, Wasan wa kusini mwa Afrika na Watsimane wa Bolivia, watu wasiotumia umeme. Walilala kwa wastani wa kati ya saa 5.7 na 7.1, si zile nane tunazoambiwa kila siku. Miaka miwili baadaye David Samson na wenzake walichapisha matokeo ya siku 20 kati ya Wahadzabe wazima 33: katika siku zote hizo walilala wote kwa pamoja dakika 18 tu. Karibu kila wakati wa usiku kulikuwa na mtu aliye macho, au aliyelala usingizi mwepesi. Samson anaona huo ni ulinzi. Kambi yao haikuhitaji mlinzi wa zamu, kwa kuwa tofauti za umri na maumbile zilitosha kuilinda. Wazungu wa zamani nao, kwa mujibu wa mwanahistoria Roger Ekirch, walizoea kulala vipande viwili na kuamka katikati.

Lakini tusijifariji kupita kiasi. Mhadzabe aliyeamka hakuamshwa na goti. Maumivu yanayomwamsha mgonjwa kila usiku ni dalili ya kupelekwa kwa daktari, kama homa. Faida ya kujua habari hizi ni kwamba mtu haongezi woga juu ya maumivu. Mwislamu aliyeamka saa tisa ana sala ya tahajudi inayomngoja, na wengine wana zaburi. Aliye na kitu cha kufanya saa hiyo, kwa taa ndogo na bila simu, hurudi usingizini kwa urahisi kuliko anayehesabu saa zilizobaki kabla ya kukamua.

Mila mbili zimenisaidia kuliko nyingine zote, na hakuna hata moja iliyotungwa kwa ajili ya wagonjwa wa viungo.

Ya kwanza ni Sabato. Waadventista wa Sabato ni wengi magharibi mwa Kenya, na chuo kikuu chao cha Baraton, kilichoanzishwa mwaka 1980, kiko Nandi, kaunti jirani. Wao hupumzika kuanzia jua kuzama Ijumaa hadi jua kuzama Jumamosi. Kinachonivutia ni Ijumaa. Ijumaa ni siku ya maandalizi: maji huchotwa, nguo hupigwa pasi, chakula hupikwa, ili kesho yake pasiwe na kazi ya kumwondoa mtu kwenye mapumziko. Na amri yenyewe katika Kutoka 20 haimpi pumziko bwana wa nyumba peke yake. Inamtaja mtumwa, mjakazi, mgeni na mnyama. Ng'ombe hukamuliwa hata Sabato, kila mfugaji anajua, na hakuna anayeona hilo ni kuvunja amri. Pumziko la Sabato halimwulizi mtu kama amechoka kiasi cha kustahili. Halimtaki aonyeshe vidole. Linakuja kila wiki, mtu akiwa mzima au mgonjwa, na wiki ijayo litakuja tena. Kwa ugonjwa wa maisha, huo ndio mpango wa pekee unaolingana nao: pumziko lililotengwa mapema, linalorudi, lisilojadiliwa upya kila asubuhi.

Ya pili ni fidia. Mwezi wa Ramadhani sheria ya Kiislamu inatofautisha wagonjwa wawili. Mwenye kutarajia kupona hufungua, kisha hulipa siku hizo baadaye. Asiyetarajiwa kupona hazilipi. Badala yake, kwa kila siku, humlisha maskini mmoja. Sheria haimwambii ajikaze, wala haimsubirishi kupona ambako hakuji. Imekubali kwamba kuna ugonjwa usioisha, ikampa mgonjwa huyo nafasi ya kudumu katika jamii ya waumini, tena nafasi ya mtoaji. Maskini anakula kwa sababu yule mgonjwa hakufunga. Sijapata kuona mahali pengine ambapo udhaifu wa mtu mmoja umepangwa hivyo kuwa chakula cha mwingine, bila yeyote kudhalilika.

Nyumba za Ziwa hazina fidia ya kazi. Zingeweza kuwa nayo. Dada yangu na wifi yake wameanza kitu kinachofanana nayo. Sasa wifi hukamua alfajiri katika mazizi yote mawili. Dada hukamua jioni, saa kumi na moja, vidole vikiwa vimelegea, na watoto wa wifi hupitia kwake kutoka shule, hula kwake na kufanya kazi za shule mezani pake. Saa saba hadi saa tisa mchana mlango wake hufungwa. Siku za kwanza jirani mmoja alibisha akaita, "Mama, uko? Ng'ombe analia." Binti mdogo alitoka akamjibu, "Mama amepumzika, shangazi, karibu saa tisa." Jirani alirudi saa tisa, akanywa chai, na sasa huja saa tisa.

Mpango huo una udhaifu wake. Unamtegemea mtu mmoja, naye ana mwili wake na shamba lake. Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyochukua nafasi ya bima ya NHIF Oktoba 2024, hulipia matibabu. Hailipii mikono ya kukamua, na sijui bima inayolipia. Mvua za Machi zikianza wifi atakuwa shambani kwake kutoka alfajiri, akipanda. Tumekaa kama ndugu tukakubaliana kuchanga mshahara wa kijana wa kukamua kuanzia Machi hadi palizi iishe Juni. Mume wa dada atatoa chakula na mahali pa kulala, sisi wengine tutagawana pesa. Kilichobaki ni kumpata kijana mwenye mkono wa haraka, ambaye ng'ombe watamkubali.